Saa Moja Ipi? Dawa Kali za Maumivu Usiku wa Kwanza Baada ya Upasuaji wa Kizazi

Mhariri wa jarida letu aliniomba makala kuhusu dawa za kulevya. Nikamwambia nitaandika kuhusu morfini, akafurahi, akanipa kurasa za kutosha. Nadhani alitegemea habari za vijiwe na polisi. Poleni. Morfini ninayoijua mimi inakaa wodini, kwenye kabati lenye kufuli, na anayechomwa ni mama yako mzazi akitoka thieta kutolewa kizazi. Kila mmoja wetu hapa chuoni ana mama, shangazi au dada ambaye amepita hapo au atapita. Na atakayekaa pembeni ya kitanda usiku ule wa kwanza, mara nyingi, ni wewe mwanafunzi, kwa sababu ukoo mzima unaamini kwamba huna kazi.

Mimi nilikaa. Ilikuwa mwezi wa saba, niko mwaka wa pili wa uuguzi, wiki mbili kabla ya UE. Mama mkubwa alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya huku mlimani. Sitaitaja, maana kilichotokea pale kingeweza kutokea popote, na sista aliyemwokoa ni wa hospitali hiyohiyo. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, huu ambao madaktari wanauita faibroidi. Si saratani, lakini ulikuwa umemtoa damu miaka mitatu, mpaka akishuka kwenye Noah pale barabarani anapumzika mara nne kabla ya kufika kihambani. Akaamua kizazi kitolewe, yaishe. Alichomwa sindano ya mgongo asubuhi, akapasuliwa chini ya kitovu, na saa sita mchana alikuwa amerudi wodini anaongea, anauliza kama ng'ombe wamekatiwa majani.

Nikadhani mambo yameisha. Kumbe ganzi ya mgongo ina saa zake. Mnamo saa kumi miguu ikaanza kuchezacheza, na maumivu yakaja yote kwa pamoja, kama mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. Mama mkubwa hakulia. Wanawake wa rika lake hawalii. Alishika chuma cha kitanda, akakunja uso, na kila nesi alipopita na kuuliza, "Mama, unaendeleaje?" akajibu, "Namshukuru Mungu." Kwa jibu hilo hakuna atakayekupa sindano. Nikaenda mwenyewe kwa sista wa zamu ya jioni. Saa moja jioni, anajiandaa kukabidhi zamu, akamchoma morfini kwenye paja pamoja na prometazini ya kuzuia kichefuchefu. Nje ukungu umeshuka, baridi ile ya Julai mnayoijua ninyi mliopanga Kibosho na Uru. Mama mkubwa alikuwa anatetemeka chini ya blanketi moja. Nusu saa ikapita, maumivu yako palepale.

Sista akaandika kwenye faili: morfini, saa 1. Akaenda zake.

Sasa wewe unayesoma Kiswahili, saa 1 ni ipi? Kwa bibi yangu ni jua likishachomoza au likishazama. Kwenye chati ya dawa tunafundishwa kuandika kwa saa za kizungu, tena kwa mtindo wa saa 24, ili pasiwe na ubishi. Sista wa jioni alikuwa amechoka, akaandika kama anavyoongea. Sista wa usiku akasoma kama alivyofundishwa: saa 1 ya kizungu, yaani saa saba mchana. Ilipofika saa tatu usiku mgonjwa bado analalamika. Akahesabu, saa nane zimepita tangu sindano ya mwisho. Akachoma nyingine. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi kabisa.

Mimi nilikuwepo. Ningeweza kusema, "Sista, alichomwa saa mbili tu zilizopita." Sikusema. Nilikuwa nimeona nusu saa ikipita bila nafuu, nikadhani ile ya kwanza haikufanya kazi na wameamua kuongeza. Na kwa kweli, mwanafunzi wa mwaka wa pili hamkosoi sista mwenye miaka kumi kazini.

Binamu akaleta blanketi mbili na chupa ya maji ya moto. Mgonjwa akapata joto, uso ukalegea. Saa nne na nusu alikuwa amelala anakoroma. Nikatuma ujumbe kwenye kundi la ukoo: "Amelala, anakoroma, Mungu ni mwema." Ikashuka mvua ya mikono ya kuomba.

Kilichonishtua si elimu yangu. Ni kimya. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya, kimya kirefu, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Nikaweka mkono kifuani pake, nikatazama saa ya simu, nikahesabu dakika nzima. Pumzi saba. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20.

"Sista, shikamoo. Mama mkubwa anapumua mara saba."

"Marahaba. Umehesabu dakika nzima, au nusu ukazidisha?"

"Nzima, sista."

Alikuja mbio. Akafungua jicho, akamulika kwa simu: mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamsugua kifua kwa ngumi na kumwita kwa sauti iliyoamsha wodi. "Mama! Mama, fungua macho! Vuta pumzi!" Akafungua, akavuta, akafunga tena. Sista akamnyanyua kidevu, akaniambia nishikilie hivyohivyo, akafungua oksijeni, kisha akaulizia naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya morfini. Ilikuwa kwenye stoo ya dawa. Stoo ilikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa nyumbani kwake.

Bodaboda ikatumwa. Kwa dakika zaidi ya 40 sista na mimi tulikaa kila mmoja upande wake, na kila pumzi ilipochelewa tulimwita. Sijawahi kumwita mtu jina mara nyingi hivyo.

Kwa nini usingizi unatangulia

Nieleze sasa kilichokuwa kinaendelea, maana hili halimo kwenye madesa ya watu wasiosoma afya.

Morfini inatokana na utomvu wa mpopi, mmea wa afyuni. Babu zetu wa pwani waliuita utomvu huo pia kasumba, na ndiyo maana leo tunasema mtu ana kasumba akiwa amelewa mawazo ya watu wengine. Mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, ndiye aliyeitenga morfini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye zikaja ndugu zake: kodeini, pethidini, fentanili, tramadoli. Zote tunaziita opioidi, na zote zinafanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi vilevile, vilivyotapakaa katika ubongo, uti wa mgongo na hata utumbo.

Kwenye uti wa mgongo dawa inazuia habari za maumivu zisipande. Hicho ndicho tunachokitaka. Lakini vipokezi hivyo vipo pia kwenye shina la ubongo, mahali panapoendesha kupumua bila wewe kufikiri. Pale pana kitu kama kengele: hewa chafu ya kaboni dayoksaidi ikizidi kwenye damu, kengele inalia, unavuta pumzi. Opioidi inapunguza sauti ya kengele. Kidogo, haina neno. Nyingi, kengele inalia na hakuna anayesikia. Dawa hiyo haijui kwamba wewe unataka itulize maumivu tu. Inagusa kila kipokezi inachokikuta, ndiyo maana pia mgonjwa anawashwa ngozi, anatapika, anashindwa kukojoa mpira wa mkojo ukitolewa, na utumbo unagoma.

Jambo la kushika hapa ni mpangilio wa matukio. Mara nyingi mgonjwa haachi kupumua ghafla. Kwanza anakuwa mzito wa usingizi. Unamwita anafungua macho, unaongea naye analala katikati ya sentensi. Hapo ndipo penye onyo, kabla pumzi hazijashuka. Kwa hiyo nesi mzuri anayezunguka usiku haulizi tu "Maumivu yakoje kwa kumi?" Anaangalia pia kama mgonjwa anaweza kumjibu akiwa macho mpaka mwisho wa jibu.

Na kukoroma. Nyumbani tunasema anayekoroma amelala vizuri. Baada ya morfini kukoroma kunaweza kuwa ulimi na misuli ya koo iliyolegea ikiziba njia ya hewa. Kidevu kikinyanyuliwa, njia inafunguka. Ndicho nilichoambiwa nishikilie. Mgonjwa mnene, au ambaye hata siku za kawaida hukoroma na kukatika pumzi usingizini, yuko kwenye hatari zaidi, na daktari wa usingizi anatakiwa aambiwe kabla ya upasuaji. Hakuna anayeuliza kukoroma wakati wa kuandikisha, na hakuna anayejitangaza.

Prometazini nayo ilichangia. Si opioidi, ila inaleta usingizi, na usingizi juu ya usingizi hauongezeki kwa hesabu ya moja na moja. Diazepamu ni hivyo hivyo, na pombe ni hivyo hivyo.

Halafu ile baridi. Nilikuja kuelewa baadaye sana, kwenye somo la famakolojia, nikafunga daftari nikatoka nje. Sindano ya msuli inategemea damu iichukue dawa kutoka pajani. Mtu akiwa na baridi au amepoteza damu, mwili unabana mishipa ya juu na kuilinda damu kwa ajili ya moyo na ubongo. Dawa inakaa msulini kama mzigo uliokosa mpagazi. Unaona haifanyi kazi, unaongeza nyingine. Kisha mgonjwa anapata blanketi, mishipa inafunguka, na sindano mbili zinaingia kwenye damu kwa pamoja. Blanketi lilikuwa jema. Kosa ni kuongeza dozi bila kujua ile ya kwanza iko wapi. Hata kwa mtu mwenye joto lake, morfini ya msuli huchukua nusu saa hadi saa nzima kufika kileleni, kwa hiyo anayepima baada ya dakika kumi amepima mapema.

Kidole kinasema nini

Kaka yangu ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii kupanda Kibo. Anasema waongozaji wengi siku hizi kila jioni wanawabana wageni kile kipimo cha kidole, wasome oksijeni, wajue nani ashushwe. Kipimo hichohicho kipo wodini, na ni kitu cha maana sana. Lakini kina udanganyifu wake mmoja ambao mlimani hauonekani.

Kipimo kinasoma oksijeni iliyo kwenye damu. Hakisomi kupumua. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni puani anaweza kuvuta pumzi sita kwa dakika na kidole bado kikaandika 98, kwa sababu hizo sita chache zina oksijeni tele. Wakati huo hewa chafu inajaa, usingizi unazidi kuwa mzito, na ndugu wanatazama namba nzuri. Kwa mgonjwa aliyetoka kuchomwa opioidi, mkono juu ya kifua na saa yenye mshale wa sekunde vinasema mapema kuliko mashine. Hesabu dakika nzima. Sista aliniuliza swali lile kwa sababu mtu anayepumua kwa vipindi, ukihesabu nusu dakika ukazidisha, unaweza kuangukia kwenye kipindi cha koroma na kukosa kile cha kimya.

Naloksoni ilipofika, sista hakuisukuma yote mara moja. Alitoa kidogo, akasubiri, akaongeza. Ukiimwaga yote mgonjwa anaamka na maumivu yote ya kisu, anapiga kelele, presha inapanda. Ndani ya dakika mbili mama mkubwa alikuwa anavuta pumzi 14 na ananitukana kwa Kichaga. Nikataka kwenda kulala. Sista akanikatalia: "Kaa hapo hapo. Hii dawa inaondoka kabla ya ile." Na kweli. Naloksoni huweza kwisha nguvu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, morfini inakaa saa nne au zaidi. Saa nane usiku pumzi zikaanza kushuka tena, akampa dozi nyingine. Asubuhi mama mkubwa akaniambia hajawahi kulala usingizi mtamu namna ile, kwa nini tulikuwa tunamsumbua.

Kuna wagonjwa wengine wa upasuaji wa akina mama ambao hesabu yao ni tofauti na ya mama mkubwa. Wapo wanaowekewa morfini kidogo sana ndani ya sindano ya mgongo yenyewe, kiasi cha mikrogramu 100, sehemu moja tu ya mia ya sindano ya kawaida ya miligramu 10. Inatuliza maumivu mpaka karibu siku nzima, ni nzuri mno, lakini athari yake kwenye kupumua inaweza kuja saa nyingi baadaye, mgonjwa akiwa ameshatoka kwenye macho ya watu wa thieta. Mgonjwa huyo akichomwa opioidi nyingine wodini kwa mazoea, mambo yanaharibika, kwa hiyo lazima iandikwe kwa herufi kubwa kwenye faili. Wapo pia wenye saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoua wanawake wengi nchini kwetu. Saratani hiyo ikisambaa inaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikachoka. Mabaki ya morfini hutolewa na figo, na mengine bado yana nguvu ya dawa. Figo zikishindwa, dozi ya jana bado ipo wakati unatoa ya leo.

Pethidini bado inatumika kwenye wodi nyingi za Afrika Mashariki. Mimi sina mapenzi nayo. Nguvu yake ni ya saa mbili tatu, na ikirudiwarudiwa inaacha mabaki yanayoweza kuleta degedege. Tramadoli na kodeini nazo zina kituko chao: mwili lazima uzibadilishe kwanza kwenye ini, na kasi ya kubadilisha inatofautiana kwa kurithi. Ethiopia utafiti wa miaka ya 1990 uliwakuta karibu watu 3 katika 10 wana nakala za ziada za jeni hiyo. Kwetu idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Mtu wa aina hiyo anameza kidonge cha kawaida, mwili unakigeuza haraka kuwa dawa kali kuliko daktari alivyokusudia. Ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017 ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asipewe kodeini wala tramadoli: ziada hiyo inapita kwenye maziwa.

Kitanda cha pili

Ningeishia hapo mngeondoka na hofu, na hofu ndiyo iliyomtesa msichana wa kitanda cha pili.

Umri wake ulikuwa kama wetu, amepasuliwa kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nusura afe kwa damu. Baada ya kuona vurugu za usiku ule alikataa sindano zote. Na hata kabla ya hapo mama yake alikuwa amemwambia morfini ni unga, ukionja huachi. Basi akalala chali siku mbili, hageuki, hakohoi, anavuta pumzi za juujuu kwa sababu kila pumzi ndefu inavuta nyuzi. Siku ya tatu ana homa na kifua kinabana. Mapafu yasiyofunguka yanakusanya makohozi, makohozi yanapata vijidudu. Miguu isiyotembea inaweza kugandisha damu, na donge likipanda kwenye mapafu linaua. Maumivu yasiyotulizwa nayo yanaharibu kupumua, ila kwa njia ya polepole ambayo haimwamshi mtu usiku.

Kuhusu kuwa teja: opioidi za siku chache, kwa kipimo, kwa maumivu halisi ya mshono, chini ya macho ya wahudumu, ni nadra kumwacha mtu na uteja. Hatari inakua dawa zikiendelea wiki na miezi, au zikitumika bila sababu ya maumivu. Marekani waliruhusu vidonge vingi mno viende nyumbani na wamezika watu wengi kwa sababu hiyo. Sisi tatizo letu limekaa upande mwingine. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilitoa hesabu ambayo sijaisahau: katika tani 298.5 za opioidi zilizogawanywa duniani kwa mwaka, kwa wastani wa 2010 hadi 2013, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Tanzania wakati huo tulikuwa kwenye kundi hilo. Yaani ukimwaga gunia zima mezani, sisi na wenzetu tulipewa punje.

Sheria ipo na inatakiwa iwepo. Tangu 2015 tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na morfini ya hospitali inakaa kwenye kufuli, inaandikwa kwenye daftari, inahesabiwa. Sibishani na kufuli. Ninachobishana nacho ni kufungia naloksoni pamoja nayo. Naloksoni hailevyi mtu, hakuna kijana wa kijiweni atakayeiiba. Inatakiwa iwe kwenye trei ya dharura wodini, mahali ambapo nesi wa usiku anaifikia akiwa gizani. Majirani zetu wa Uganda walionyesha kwamba hofu inaweza kupunguzwa bila kuachia mlango wazi: mwaka 2004 waliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika morfini wenyewe. Hapa kwetu morfini ya maji kwa muda mrefu imekuwa ikichanganywa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani.

Na opioidi haitakiwi kusimama peke yake. Hili ndilo ningependa ndugu wajue kuliko yote. Parasetamoli kwa saa zake, mgonjwa akilalamika asilalamike, pamoja na diklofenaki au ibuprofeni kama hana vidonda vya tumbo, figo zake ni nzima na hatoki damu. Daktari anaweza pia kuchoma ganzi kwenye kingo za kidonda kabla ya kufunga. Ukifanya hayo, morfini inayohitajika inapungua sana, na inayobaki inatolewa kidogo kidogo. Watu wanadharau Panadol. Mama mkubwa alipoletewa vidonge viwili asubuhi aliuliza kama wanamtania, amepasuliwa tumbo halafu anapewa dawa ya kichwa. Lakini kwa siku tatu zilizobaki hakuchomwa morfini tena hata mara moja, na siku ya pili alitembea mpaka dirishani kuangalia kama mlima umefunguka.

Mwaka 2018 Lancet hiyohiyo ilichapisha utafiti wa hospitali za nchi 25 za Afrika, wagonjwa zaidi ya 11,000. Katika waliokufa, zaidi ya tisa katika kumi walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Kisu kilikuwa kimeshamaliza kazi. Walifia wodini, mahali ambapo nesi mmoja ana vitanda vingi na ndugu yuko kwenye benchi anachati.

Kwa hiyo ukikaa kwenye lile benchi, uliza mgonjwa wako amechomwa nini na saa ngapi, na usione haya kuuliza ni saa ngapi ya Kiswahili. Andika kwenye simu. Akichomwa tena, taja ile ya kwanza kwa sauti, kwa adabu, hata kama anayechoma anaweza kuwa mama yako. "Samahani sista, alichomwa saa moja hii ya jioni" haimvunjii mtu heshima. Saa ile ya kwanza baada ya sindano usilale. Mwamshe, muulize jina la mtoto wake wa mwisho. Akikujibu na kulala, sawa. Akilala katikati ya jina, hesabu pumzi. Zikiwa chini ya kumi, kaite. Zikiwa nane au chini ya hapo, kimbia. Mtori acha mpaka wodi iseme tumbo limeanza kufanya kazi, najua shangazi ameshaubeba kutoka Machame na hatafurahi.

Mama mkubwa aliruhusiwa siku ya nne na vidonge kumi vya tramadoli. Aliambiwa asichanganye na pombe, anywe maji mengi na ale papai, maana dawa hizi zinafunga choo na kusukuma choo kigumu juu ya mshono mpya ni adhabu. Nilipokwenda kumwona baada ya mwezi, anapalilia migomba mambo ambayo alikatazwa, nikaomba anionyeshe dawa zilizobaki. Akatoa kopo la chai. Vidonge vilikuwa vinne.

"Umemeza sita?"

"Viwili. Vinne nimempa jirani, jino lilikuwa linamsumbua."

Jirani yule ana mtoto wa miezi mitano na ananyonyesha. Nikashuka mbio kwenye njia ya mfereji mpaka kwao. Alikuwa amemeza kimoja, wiki mbili zilizopita, akaona kinamzungusha kichwa, vitatu akaviweka. Mtoto alikuwa mgongoni, macho makavu, ananishangaa. Nikachukua vile vitatu, nikarudi nikachukua vinne vya kwenye kopo, na vyote saba nikavikabidhi kwenye dirisha la dawa la hospitali. Mfamasia akaniuliza ni vya tarehe ngapi, nikamtajia, akaandika. Nikamwomba aandike na saa.